Wiki za Kwanza Chuoni, Mbali na Nyumbani

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetoka Bukoba kwenda kusoma Dodoma huacha nyuma mvua na migomba, akafika wakati wa jua kali na upepo wa vumbi, kwa kuwa mvua za huko huanza kushika Desemba. Mimi nilipita njia hiyo. Sikuwa mgonjwa, lakini kila jioni, saa ambayo mama huwa jikoni akimenya ndizi, koo lilinikaba na chakula hakikupita. Ninamwandikia aliyejilaza kitandani mchana huu akidhani kwamba ni yeye peke yake aliyeshindwa kuzoea.

Wengi hushangaa kupatwa na hamu hii ya nyumbani, kwa sababu walikaa bweni tangu sekondari na baadhi yao wakapitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Kule kengele au filimbi iliwaamsha, ikawapeleka bwaloni na kuwarudisha kulala pamoja na wenzao. Chuoni hakuna anayekugongea kengele, na mtu anaweza kumaliza siku mbili bila kuulizwa kama amekula. Kwa hiyo usiuchukulie unyonge huo kuwa ushahidi kwamba ulichagua kozi au chuo kisichokufaa, wala usiamue kuacha masomo katika wiki hizo.

Chukua karatasi uandike hasa unachokikumbuka, kwa sababu neno "nyumbani" ni pana mno na halikuonyeshi pa kuanzia. Ukiandika kwamba unakumbuka kuamkiwa asubuhi, kula sinia moja na wadogo zako, au mazoezi ya kwaya ya Jumamosi, utaona kwamba mengi kati ya hayo yanaweza kuanzishwa upya hapo ulipo. Mimi niligundua kwamba nilichokikosa zaidi ni kula na watu. Nikamwomba mwenzangu wa chumbani, kijana wa Tanga ambaye tulikuwa bado hatujazoeana, twende kafeteria pamoja kila siku saa moja jioni. Hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Baada ya siku chache nilichelewa kutoka maktaba, nikamkuta amekaa ananingoja, na usiku huo nilikula nikamaliza sahani.

Anza na mlo mmoja wa namna hiyo, wenye saa yake na mtu wake, kabla ya kuhangaika kutafuta marafiki wengi. Kisha ongeza jambo moja la kila wiki, liwe kwaya, darsa, mpira au kikundi cha majadiliano, na uende hata siku ambayo huna hamu, maana kwa mtu mwenye huzuni hamu huja baada ya kutenda. Amka saa ileile kila siku, na mchana usishinde kitandani.

Simu nayo inataka kiasi. Anayepiga nyumbani kila baada ya kipindi cha darasani anakuwa Dodoma kwa mwili tu, na asiyepiga kabisa kwa kuogopa kulia anawatia wazazi wasiwasi. Panga siku, tuseme Jumatano na Jumapili jioni, na ukipiga sema ukweli: "Shikamoo mama. Huku bado sijazoea, ila nakula na darasani naenda." Mzazi anayeijua hali yako atakushauri vizuri kuliko yule uliyemdanganya kwamba mambo yote ni shwari.

Upo pia unyonge ambao kwa kweli ni njaa. Pesa za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, huja kwa mafungu. Zikiingia, tenga kwanza za chakula hadi fungu lijalo, ndipo ufikirie nguo na simu.

Hamu ya nyumbani huja na kuondoka: mchana unacheka na wenzako, usiku inakurudia. Ikiwa huzuni imekaa nawe karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili, huku huoni raha hata katika mambo uliyoyapenda, usingizi umeharibika, na unasoma ukurasa bila kujua umesoma nini, huenda hiyo ni sonona, nayo ni maradhi yanayotibika. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Dodoma ipo pia Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo jina lake limegeuzwa tusi mitaani, na ninaamini kwamba tusi hilo limewachelewesha wengi waliohitaji matibabu.

Mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru hayasubiri wiki mbili. Mwambie mtu saa hiyohiyo, naye akupeleke hospitali iliyo karibu bila kukuacha peke yako. Na wewe unayeishi chumba kimoja na mtu aliyeacha kula, kuoga au kwenda darasani, usimwulize ana nini huku umeshika kitasa cha mlango. Mletee chakula, kaa naye mle pamoja, kisha mfuatane hadi kwa mshauri, na umngoje nje mpaka atoke.