Ukipenda E30 ya zamani, anza na bodi
Wakuu wa Arusha, kama unaipigia hesabu BMW E30 ya kufufua, zile zilizoanza kutoka 1982, usidanganywe na muungurumo, anza na kutu. Nenda na kisumaku kidogo upitishe chini ya milango na juu ya matairi, kikidondoka ujue hapo ni puti tupu, ile ya kuzibia mashimo, si bati, halafu nyanyua zulia la buti ubonyeze bati kwa kidole. Injini mafundi wa mtaa wa Unga Ltd wataifufua, ila bodi iliyooza itakula hela mpaka uchoke. Kama ni silinda sita yenye injini ya M20 badilisha mkanda wa taimingi kabla ya safari yoyote, ukikatika valvu zinagonga pistoni. Na kadi ya gari, mi nisingetoa hata shilingi kabla sijailinganisha na namba ya chasisi.