Somo: Samaki wa Toxotes, wale wanaotema maji. Kuwatambua na kuwalisha

Wadau, wengi mnawanunua hawa kwa sababu ya video, mtu kaona samaki katema maji panzi kadondoka basi na yeye anamtaka, akifika nyumbani anamtupia chakula kinachozama halafu anashangaa samaki anakonda. Twende taratibu.

HATUA YA 1, mjue ni yupi. Dukani wote wanaitwa akafishi (archerfish) na muuzaji mara nyingi haendi zaidi ya hapo, ila wako aina kadhaa na aina ndo inaamua maji yake. Mwangalie ubavuni. Mabaka meusi manne au matano, mapana mgongoni yanachongoka yakishuka, huyo ni Toxotes jaculatrix, ndo anauzwa sana, wa mikokoni. Madoa sita saba, refu fupi refu fupi, huyo chatareus, porini anafika hadi sm 40 kwahiyo fikiria mara mbili. Bado unabisha? Hesabu miiba ya pezi la mgongoni, jaculatrix kwa kawaida minne, chatareus mitano, piga picha akitulia karibu na kioo uikuze. Kuna na blythii wa Myanmar, ana michoro michoro isiyo na mpangilio, yeye chumvi haitaki kabisa.

Na msiende kuwatafuta Rufiji au Lamu, mikoko tunayo ila hawa hawapo, kwao ni India, Indonesia huko mpaka kaskazini mwa Australia.

HATUA YA 2, tangi. Refu, lita 300 kwenda juu kwa kikundi, joto nyuzi 25 mpaka 30. Usijaze maji, acha kama sm 20 chini ya kifuniko, na kifuniko kibane maana wanaruka. Kwa jaculatrix chumvi ni ile ya akwariamu za baharini sio ya jikoni, koroga kwenye ndoo kwanza, haidromita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji) ikisoma kati ya 1.005 na 1.010 inatosha. Kama dukani alikaa maji yasiyo na chumvi, panda kidogo kidogo kila ukibadili maji.

HATUA YA 3, msosi. Huyu anakula juu, kikizama wengi hawakifuati, kinaozea chini. Mpe vidonge vinavyoelea, kamba mbichi waliokatwa vidogo, nyenje, panzi, nzi, na mvua zikianza kumbikumbi (toa mbawa). Mende wa nyumba iliyopuliziwa dawa hapana, narudia hapana.

Ukitaka ateme, bandika kipande cha kamba kwenye kioo juu ya maji, kibichi kinanata chenyewe, halafu tulia. Anasogea chini yake, ncha ya mdomo inachungulia juu ya maji, anajiweka sawa, mara mashavu yanabana ghafla na mchirizi unatoka, ulimi kaubana kwenye mfereji ulio ndani ya kinywa upande wa juu ndo bomba lenyewe hilo. Kipande hakijagusa maji keshageukia pale kitakapoangukia. Wenzake nao wanawahi, mara nyingi aliyetema hali yeye 😂 Kikiwa juu kidogo tu ya maji hatemi, anaruka anakidaka.

MASWALI

Mdau: Mkuu wangu hatemi kabisa, anaumwa?
Jibu: Anakula vizuri? Basi haumwi, ameshiba tu na chakula anakikuta majini, ateme ya nini. Punguza kidogo ujaribu jioni.

Mdau: Naweza kumweka na gapi (wale visamaki vidogo, guppy)?
Jibu: Unaweza, watakuwa chakula. Mtafutie samaki aina ya monodactylus wa saizi yake, anapenda maji hayohayo na pwani yetu yupo.

Mdau: Mmoja anatosha? Bei imesimama kaka
Jibu: Bora kikundi, wanne watano hivi, na wote saizi moja, mdogo ataonewa au ataliwa.

Mdau: Dagaa wakavu je?
Jibu: Wa chumvi usimpe. Wasio na chumvi loweka, vunjavunja, mara mojamoja tu sio kila siku.

Mdau: Anatemea taa ya tangi langu kila usiku
Jibu: Anaona kitu kinang'aa anadhani mdudu. Weka kioo chini ya taa, na waya ziwe mbali na maji, hilo sio la utani.