Kuchagua nyasi za sileji kwa ng'ombe wa nyama

Mfugaji anayenenepesha ng'ombe huvutiwa kwanza na wingi wa majani shambani, ilhali kinachoongeza uzito wa mnyama ni kile kinachobaki baada ya kutoa maji. Kilo 1,000 za matete mabichi yenye unyevu wa asilimia 82 zina kilo 180 tu za malisho makavu, lakini kiasi hicho hicho cha mahindi yaliyokatwa mmea mzima kwa wakati, yakiwa na unyevu wa asilimia 68, kina kilo 320. Kwa hiyo, kabla ya kununua mbegu au vipando vya sileji, yaani majani yanayokatwakatwa, kushindiliwa na kufunikwa pasipo hewa ili yachachuke na kuhifadhika, linganisha nyasi kwa ukavu wake, sukari yake na mvua inayozitosha.

Sukari hupewa uzito mdogo kuliko inavyostahili. Bakteria wanaochachua sileji huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayozuia majani yasioze. Mahindi na mtama vina sukari ya kutosha, lakini nyasi nyingi za nchi za joto zina kidogo, hivyo huhitaji molasi (shira nzito inayobaki sukari inapotengenezwa) ya kilo 30 hadi 50 kwa kila tani, iliyozimuliwa kwa maji kidogo na kunyunyizwa tabaka kwa tabaka.

Matete, ambayo wengi huyaita mabingobingo au majani ya tembo, hutoa mavuno makubwa kuliko nyasi nyingine mahali penye mvua ya milimita 1,000 au zaidi, kama sehemu nyingi za Kagera. Yakate yakifika urefu wa mita moja hivi, kwa maana yakiachwa yafike mita mbili tani huongezeka, lakini mashina hukakamaa, protini hupungua na ng'ombe hubakiza sehemu kubwa horini. Yanyaushe kwa nusu siku hadi siku moja kabla ya kuyakatakata. Kwa wafugaji wa Kenya magharibi na Uganda, ambako ugonjwa wa kudumaa umeharibu mashamba mengi ya matete, vipando vitoke tu katika shamba lililokaguliwa na kuonekana safi.

Brachiaria, nyasi yenye asili ya Afrika iliyoboreshwa Amerika ya Kusini na kurudi kwetu katika aina kama Mulato II, ina majani mengi kuliko mashina, huvumilia udongo wenye asidi na kiangazi kirefu, ila haipendi maji yaliyotuama. Kwa sileji naipendelea kuliko nyasi ya Rhodes, ambayo mashina yake membamba ni magumu kushindilia. Rhodes ni bora ikaushwe kuwa hei.

Dodoma na Singida, ambako mvua ni chache, mtama ndio chaguo la busara. Uvunwe punje zikibonyea kwa kucha na kutoa unga laini wenye unyevu. Usilishe machipukizi mabichi ya mtama baada ya ukame, kwa kuwa huwa na sumu ya sianidi inayoweza kumuua ng'ombe kwa muda mfupi.

Mahindi yanaongoza kwa nguvu ya kunenepesha, hasa katika miezi ya mwisho kabla ya kuuza. Hata hivyo, siwezi kuyashauri kwa familia ambayo ghala lake la chakula halijajaa. Aidha, protini yake ni asilimia 8 hivi, na ng'ombe anayekua anahitaji takriban 12; upungufu huo uzibwe kwa mashudu ya alizeti au ya pamba.

Kwa nyasi yoyote, kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, kisha kamua konzi moja kwa nguvu: maji yakichuruzika, endelea kunyausha, donge likisambaratika mara moja, majani yamekauka mno, likifunguka polepole bila kutoa maji, shindilia siku hiyo hiyo na ufunike pasipitishe hewa kwa angalau siku 21.

Ng'ombe 10 wa kilo 250, wakipewa kilo 15 za sileji kila mmoja kwa siku pamoja na pumba na mashudu, watamaliza tani 13.5 katika siku 90. Ukishindilia vizuri, mita moja ya ujazo hubeba kilo 500 au zaidi, kwa hiyo shimo la urefu wa mita 10, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5 litatosha na kuacha akiba ndogo kwa ajili ya sileji itakayoharibika juu na pembezoni.