Basi limesimama Gamba: kutunza moyo safari ya Lamu inapokwama

Kutoka Malindi hadi gati ya Mokowe ni kama kilomita 220, na siku njema basi huzimaliza kwa saa nne au tano. Kisha ni boti, na Lamu hii hapa. Siku isiyo njema kuna pancha baada ya Garsen, foleni ya ukaguzi, mvua, na kufika pwani maji yameshakupwa. Kumwambia mtu "vuta subira" saa ile hakumfai kitu ikiwa ana kiu, hakulala usiku na simu imezima. Subira ya njiani hutayarishwa nyumbani, usiku wa kuamkia safari.

Anza na mwili. Ugomvi mwingi na utingo hutokea saa saba au saa nane mchana, jua la utosi, tumbo tupu tangu alfajiri. Abiria huona kakasirishwa na basi, kumbe ni kiu. Kwa hivyo weka kanuni moja: gari likisimama, kunywa maji na ule kitu kwanza, ndipo uulize. Dakika tano hizo huzuia maneno ambayo ungeyajutia mbele ya watu utakaokaa nao hadi jioni.

Usitie vitu hivi kwenye buti, kwani buti haifunguliwi kila unapotaka. Chukua kikapu kinachokaa miguuni. Ndani yake tia maji lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, na nusu lita ya akiba ambayo huigusi mpaka gari likwame. Tende kumi hivi kwa kila mtu, na mikate mikavu au mahamri. Achana na samaki wa kupaka na chochote chenye tui, maana tui huchacha upesi kwenye joto. Dawa za kila siku ziwe za siku tatu, hata kama safari ni ya siku moja. Pesa uzichukue za noti za 50 na 100, kwa chai na boti. Mwisho, leso au kikoi. Nguo hiyo moja ni kivuli mkikaa kando ya barabara, ni shuka mtoto akilala, ni pazia kwa mama anayenyonyesha, na ni mkeka wa kuswalia. Ukiisahau ndipo utakapojua kazi zake.

Kitambulisho kikae mfukoni. Kwenye barabara hii ukaguzi wa polisi ni wa kawaida, na mara nyingine abiria huteremshwa wakapita kwa miguu kila mtu na chake mkononi. Anayefungua begi tatu kukitafuta huchelewesha basi zima na kujipandisha presha bure. Watoto wachukulie nakala za vyeti vya kuzaliwa. Ukiwa na mzee asiyeweza kuteremka, shuka wewe kwanza: "Salama afande. Mamangu yumo ndani, magoti yanamsumbua, kitambulisho chake ni hiki." Ombi lililotangulia hupokelewa vizuri kuliko ubishi uliochelewa.

Basi likiharibika, usiulize "Tutaondoka saa ngapi?" Utingo hana jibu, atakwambia "sasa hivi" ili akutulize, na sasa hivi hiyo ikipita utamwita mwongo. Uliza kilichoharibika, kisha upime mwenyewe. Pancha kwa kawaida ni nusu saa hadi saa moja. Magurudumu ya nyuma huwa mawili mawili, na la ndani likipasuka ni lazima la nje litolewe kwanza. Injini ikichemka, dereva lazima aiache ipoe nusu saa au zaidi kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta, kwa sababu maji ya moto huruka kwa nguvu yakamuunguza uso. Tafadhali usimharakishe hapo. Ikiwa ni gia au kitu kilichovunjika ndani ya injini, hesabu kwamba mtangoja gari jingine: tafuta kivuli, tandika kikoi, punguza matumizi ya simu. Kujua kwamba ni saa tatu huumiza kidogo kuliko kuambiwa "sasa hivi" mara kumi na mbili.

Kuna jambo linalotesa watu zaidi ya kuchelewa kwenyewe, nalo ni ahadi uliyoitoa. Ukimwambia shangazi "nafika saa nane", wali utapikwa, kijana atatumwa gatini, na kila dakika baada ya saa nane itakukaa kifuani. Ahidi siku, usiahidi saa. Halafu tuma habari za mahali ulipo: "Tuko Gamba, tairi inabadilishwa, nitapiga tukipita Witu." Ujumbe huo unamtosha. Baada ya kuutuma, weka simu kwenye hali ya ndege, kwani mahali penye mtandao hafifu betri huisha kwa kutafuta mawimbi.

Mvua ni habari nyingine. Tana ikifurika hapana wa kulaumiwa garini. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara hii hii. Kati ya Aprili na Juni, na tena Oktoba hadi Desemba, uliza hali ya njia Malindi kabla ya kukata tiketi, na utenge pesa za kulala usiku mmoja. Pesa hizo, hata zisipotumika, ndizo zinazokuwezesha kusema "basi, tutalala" bila moyo kukunja.

Baharini saa si yako wala ya nahodha. Mokowe hadi Lamu boti hupita karibu wakati wowote, lakini anayeendelea Pate au Faza kupitia Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hungoja maji yajae. Hesabu yake ni nyepesi: kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Muulize nahodha, "Maji yatajaa saa ngapi leo?" kisha ukanywe chai. Kusi ikivuma, kaa nyuma au katikati ya chombo, tazama mbali ufukweni wala si kwenye simu, na tafuna tangawizi mapema kabla ya kichefuchefu kuanza. Ukifika Mokowe usiku, usikubali kijiboti kisicho na taa wala jaketi za kujiokoa kwa sababu tu umechoka. Lala Mokowe.

Watoto wape kazi: mmoja ahesabu vijiji, mwingine alinde chupa ya akiba. Anayeswali akumbuke ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kujumuisha. Adhuhuri na alasiri zikishaswaliwa pamoja chini ya mti, hofu ya wakati kupita inaondoka.

Na yule utingo mwenye mikono ya grisi, aliyelala chini ya basi tangu saa sita, mpelekee maji. Nusu lita ya akiba mgawie yeye kwanza.