Bustani ya wazee wa Kikamboja, msiwapangie zamu

Jamani nyie mnaotaka kuanzishia bustani ya mtaa wazee wa Kikamboja, hasa Lowell huku Massachusetts au Long Beach kule California walikojaa, kosa huwa ni lilelile, shamba moja la wote, zamu imebandikwa ukutani, mavuno mnagawana. Hawa wengi wao walilimishwa kwa nguvu enzi za Pol Pot, yule dikteta wa Kambodia, 1975 mpaka 1979, makundi kwa makundi, njaa inauma na ukichuma kitu ukala peke yako unaadhibiwa, sasa wewe unamletea tena zamu?? Kila mzee mpe tuta lake, aamue mwenyewe anapanda nini na anavuna lini. Kugawa watagawa tu, tena utakosa pa kuweka.

Udongo upimwe kwanza, rangi za nyumba za zamani zilikuwa na madini ya risasi na yanabaki ardhini, maabara ya UMass Amherst, chuo kikuu cha huko Massachusetts, wanapima. Ukiwa mbaya, au hata kama ni magoti tu yanawasumbua, jenga matuta ya mbao, kwenda juu sentimita 60 hivi, upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati. Mpira wa maji ufike mpaka pale, habari za ndoo sahau.

Mbegu usinunue kabla hujawauliza. Mara nyingi utasikia karela, mrihani, maharage marefu kama kamba, bilinganya ndogo za kijani, na mchaichai ndo usikose kabisa maana ndo wanautwanga kwenye kroeung, viungo vya mapishi yao, pamoja na manjano na kitunguu saumu. Chukua mabua ya dukani weka kwenye glasi ya maji yatoe mizizi, kwa Lowell toa nje mwisho wa Mei, na kabla baridi ya Oktoba haijaupiga ng'oa shina hamishia kwenye ndoo ndani, dirishani. Trakuon, ndugu yake matembele, wataitaka sana ila serikali ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya magugu hatari, ulizia kibali kwanza. Halafu mwenye kadi ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, ananunua mbegu na miche ya chakula kwa kadi hiyohiyo, wengi hawajui hilo.

Ukifika unganisha viganja uiname kidogo, bibi muite yeay, babu ta, jina tupu hapana, ni kama kumpita mzee bila shikamoo. Na viti viwekwe kivulini, wakishamaliza kumwagilia hawaondoki hao.