Jinsi ya kusoma umeme wa msuli wako ukiwa nyumbani (nimejaribu hapa Tanga)

Habari wadau. Vijana wa ufundi hapa Ngamiani huniuliza hawa watafiti wanaotengeneza saketi za kusikiliza neva na ubongo wanaanzia wapi, mi huwa nawaambia anza na mkono wako. Ukikunja ngumi msuli unatoa umeme, ukiupima juu ya ngozi mara nyingi haufiki hata milivolti chache, masafa yake kama hezi 20 mpaka 500, na ukiweza kuukamata huo umeshaelewa tatizo lenyewe la hii kazi.

Kwanza usalama, na hapa nisikilize vizuri. Ni betri tu. Saketi inagusa mwili, kwa hiyo laptopu chomoa chaja, usiunganishe kifaa chochote cha ukutani, na mtu mwenye kifaa cha moyo mwilini asijaribu kabisa.

Vitu: aisii (chipu) ya AD620 inayokuza tofauti ya umeme kati ya sehemu mbili, nyingine TL072 ya kukuza zaidi, bredibodi (ubao wa kuchomeka saketi bila kulehemu), Arduino Uno (kikompyuta kidogo cha kusoma volti na kuzipeleka laptopu), betri 2 za volti 9 zile za mraba, na vibandiko vya ECG (vile vya kupimia moyo) vya duka la vifaa tiba. Rezista na kapasita utapata kwa mafundi redio, AD620 mi niliagiza Dar ikaja na basi. Betri ziunge mfululizo, pale katikati zinapokutana ndo graundi yako.

Sasa AD620. Pini ya 7 chanya, ya 4 hasi, ya 5 graundi, vibandiko viwili pini ya 2 na ya 3, toleo (umeme uliokuzwa unapotokea) pini ya 6. Geini, yaani inakuza mara ngapi, inapangwa na rezista kati ya pini 1 na 8, na hapa ndo nilipoteza siku mbili nzima. Niliweka geini ya 100 moja kwa moja, toleo likaganda juu, nikajua aisii imekufa, nikabadilisha, ikawa vilevile. Kumbe kibandiko kikigusa ngozi kinatengeneza volti yake kama kabetri kadogo, na viwili visipolingana tofauti inaweza kufika milivolti 300, zidisha mara 100 ni volti 30 wakati betri inakupa 9! Watafiti wa ubongo wanapambana na hilohilo, Reid Harrison wa Chuo Kikuu cha Utah na mwenzake mwaka 2003 walitoa kikuzaji cha kwenye chipu ambacho kina kapasita mlangoni kabisa kuizuia hiyo volti.

Kwa hiyo weka rezista ya kiloomu 5.6, geini inakuwa kama 10. Toleo lipitishe kwenye kapasita ya maikrofaradi 0.1 na rezista ya kiloomu 82 kwenda graundi, yote ya chini ya hezi 19 hivi yanapungua, ndo sasa ukuze mara 100 kwa TL072 (kiloomu 100 na kiloomu 1). Milivolti 1 inakuwa karibu volti 1.

Kuingia Arduino, unga graundi ya betri na ya Arduino, pitisha kapasita ya maikrofaradi 10, chanya yake ielekee Arduino, kwenye sehemu ya katikati ya rezista mbili za kiloomu 10 zinazotoka volti 5 kwenda graundi, halafu kiloomu 10 nyingine mpaka A0, pini ya Arduino ya kusomea volti. Soma mara 1000 kwa sekunde, toa 512 (ndo katikati, sifuri yako), chora.

Lakini kazi kubwa iko kwenye ngozi, sio kwenye bredibodi. Umeme wa nyumba wa hezi 50 unaingia mwilini na kufika vibandiko vyote viwili, AD620 inaufuta kwa kutoa kimoja kwenye kingine, ila haifuti vizuri kama kimoja kimeshika na kingine kinalegea. Nyoa vinyweleo, futa na spiriti, acha pakauke. Joto letu hili la pwani jasho linatiririka kutoka kibandiko kimoja hadi kingine na ni chumvi, linaunganisha, kwa hiyo fanya asubuhi mapema. Vibandiko viwili viwe sentimita 2 kutoka katikati hadi katikati, kufuata urefu wa msuli, cha tatu cha graundi kwenye mfupa wa kiwiko. Nyaya zipote kama kamba ya katani na feni izime.

Ukiona wimbi linarudi kila milisekunde 20 hata mkono ukiwa umepumzika, huo sio msuli, ni umeme wa nyumba, bandua vibandiko uanze upya kwenye ngozi.