Mwenye pikipiki namwelekeza kwa jirani: mkakati na mbinu dukani

Duka langu la vipuri vya baiskeli liko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Nimelirithi kwa baba. Wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa hunijia na swali lilelile: "Dada, mbona nahangaika kutwa na mtaji hausogei?" Mie huwaambia walete daftari.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Wa kulia andika kila ulichofanya wiki hii: ulipunguza bei, ulipanga rafu upya, ulirusha picha WhatsApp, uliwahi kufungua. Hizo ni mbinu. Mbele ya kila moja jiulize: ili aje nani? Ukijibu "wateja" hujajibu. Taja mtu unayeweza kumwonyesha kidole akipita barabarani.

Mtu huyo ndiye anayeanzisha ukurasa wa kushoto, wa mkakati. Wa wengi huwa mtupu. Wangu ulikuwa mtupu miaka. Pikipiki zilipojaa mjini nilidhani baiskeli zimekwisha, nikachanganya: plagi, oili, helmeti, hata mabegi ya shule. Nikawa nafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisa tu jirani hufungua saa moja. Nikaambulia usingizi pungufu. Saa hiyo bodaboda hatafuti plagi, anawahi abiria wa stendi ya Kange.

Aliyekuwa akipita saa hiyo, na mie simwoni, ni muuza samaki. Anateremka soko la samaki la Deep Sea na tenga kwenye keria. Akirudi limejaa, spoku zikamkatikia njiani, jua halimsubiri. Nyuma yake yuko wa mikate, yuko wa nazi. Hawa hawagombani sana na bei. Wanataka robo saa wawe wameondoka.

Basi nikaandika: "Nahudumia baiskeli za kazi. Ziondoke upesi. Vya pikipiki na baiskeli za watoto siuzi." Andika na wewe vipande vyote vitatu: nani, unampa nini kuliko wenzako, na nani unamwacha. Hicho cha tatu watu hukiruka, maana kinauma. Siku ya kwanza nilimwelekeza bodaboda duka la ng'ambo, ana elfu kumi na nane mkononi. Kijana wangu akanitazama kama nimerogwa. "Shangazi, hela ile!" Sikuwa na jibu zuri siku hiyo. Lakini pesa iliyokuwa imelala kwenye helmeti ndiyo iliyonunua spoku nene na tairi ngumu, ikamweka na fundi mlangoni.

Sasa rudi ukurasa wa kulia, ukate. Saa ya kufungua imebaki ileile, ila sasa ina kazi. Picha za WhatsApp nimeacha. Muuza samaki atazitazama saa ngapi? Badala yake natundika ukutani magurudumu yaliyokwisha fungwa spoku na kunyooshwa. Anaacha lake bovu, anaondoka na langu, jioni tunabadilishana.

Mbinu badilisha hata kila Jumatatu. Mkakati usiuguse kwa wiki moja mbaya. Babu yangu alikuwa mtu wa mashua, Pangani. Kaskazi ikivuma naye anakwenda Pemba, alibisha, yaani alikata upepo mara huku mara kule, kutwa nzima, ila safari ilibaki ya Pemba. Masika nami mauzo hushuka, watu hawaendeshi kwenye matope. Sihukumu kwa Aprili. Ninachohesabu ni wateja wangu wa kila wiki, kwa majina. Wakipungua mwaka mzima, hapo nitakaa kitako nifikiri upya.

Wako wenzangu ambao ukiwauliza mkakati watakwambia, "Nasubiri bomba." Kweli, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Humwuliza kila mmoja: nani atatoka Chongoleani, aje kununua nini kwako? Akijibu "watu", namrudishia daftari lake.

Juzi mmoja, muuza vitenge, kaniletea lake limejaa kurasa zote mbili. Kipande cha tatu kakiandika kwa penseli.